Pole Zangu za Ulingoni

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kupigana nilifukuzwa hata kabla adhana ya magharibi haijalia. Nalisema hili mapema, vijana wangu, kwa sababu mnaniona nimekaa barazani hapa Bondeni, mpita njia akiniamkia "Sabalkheri, Bingwa," nanyi mwadhani nilizaliwa na jina hilo. Nilizaliwa Swaleh, mtoto wa Mji wa Kale, na mwanzo wa miaka ya tisini kazi yangu ilikuwa kubeba marobota ya leso katika duka moja la Biashara Street.

Robota ni mzigo wa nguo ulioshindiliwa ukakazwa kwa mikanda ya bati, na uzito wake hauna huruma. Siku moja alikuja dukani bwana mmoja mfupi, masikio yamevimba na kujikunja, kununua jora la kitambaa cha marekani. Alinitazama nikiteremsha robota kutoka mkokotenini na kulipeleka ghalani peke yangu. Niliporudi akaniuliza, "Shingo hiyo umeitoa wapi?"

"Kwa tajiri wangu huyu," nikamjibu, na tajiri akacheka mpaka akavua miwani.

"Kesho baada ya alasiri ndoo, uje Bondeni. Uliza ukumbi wa Mwalimu. Mwalimu ni mimi."

Ukumbi wenyewe ulikuwa ghorofa ya juu ya ghala kuukuu. Sakafuni palitandikwa magodoro ya usumba wa nazi, juu yake yakashonewa marekani yale yaliyonunuliwa kwetu, na hapo ndipo tulipoita mkekani. Gunia la kupiga lilijazwa vipande vya nguo vilivyookotwa kwa mafundi cherehani, na chini kabisa mchanga. Mchanga ukishuka hugandamana, kwa hivyo mgeni aliyepiga teke la chini alirudi kwao akichechemea. Hakuna aliyeonywa. Mwalimu alisema gunia lina mdomo wake.

Mchezo tulioucheza nyinyi leo mwautaja kwa herufi tatu za Kizungu. Sisi tuliuita mchanganyiko, kwa kuwa ulichanganya ngumi, mateke, mieleka na kukabana, na mtu akianguka pambano halikusimama, liliendelea pale pale chini. Kulikuwa na njia mbili kubwa za kummaliza mtu. Moja ni mtama, yaani kumkwatua mguu kwa mguu wako akaanguka. Ya pili ni kabali, kumzungushia mkono shingoni na kumbana mpaka agonge mkeka kwa kiganja. Kugonga ni kusalimu amri, na mwenye kugongewa huachia papo hapo.

Basi siku hiyo ya kwanza nilisimamishwa na kijana mmoja seremala aliyekuwa na miaka miwili ukumbini. Mwalimu alikuwa amenionyesha mtama mara tatu tu. Nikaujaribu, seremala akaenda chini kwa mgongo, kishindo kikasikika mpaka barabarani. Nami, bila kufikiri, nikainama nikampa mkono nikamwambia, "Pole, ndugu yangu!"

Mwalimu alikuja mpaka akasimama mbele ya pua yangu.

"Wewe! Umemwangusha kwa kusudi au kwa bahati mbaya?"

"Kwa kusudi, Mwalimu."

"Sasa pole ya nini?"

Akanyosha kidole mlangoni. "Toka. Urudi kesho, na hiyo pole yako uiwate nyumbani kwenu."

Nilirudi kesho yake, na pole nikarudi nayo. Ningeiacha vipi? Mimi nimekulia katika vichochoro ambamo watu wawili wakipishana lazima mmoja ajibanze ukutani. Nimebeba mizigo tangu sharubu hazijaota, napiga kelele "Similla! Similla!" watu wanipishe, na kila nikimgusa mtu bega namwambia pole kabla hajageuka. Kwetu mtu akijikwaa mbali huko, aliyekaa barazani humwambia pole ingawa si yeye aliyeliweka jiwe. Neno lenyewe halingojei ruhusa ya mwenye ulimi. Mwalimu alikuwa mtu wa Mombasa vile vile, alilijua hilo, na ndiyo sababu lilimuudhi zaidi.

Alinifunza miaka mitatu. Alikuwa mkali na hakuwa mtu wa kusifu. Alinifunza kufunga mikono kwa vitambaa ili mifupa ya vidole isiachane, kushusha kidevu, kusimama kiubavu mbele ya mpinzani badala ya kumpa kifua kizima. Alinifunza kwamba mtama haupigwi kwa nguvu bali kwa saa yake: mpinzani akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule, hapo katikati hana mguu hata mmoja. Nikalielewa hilo haraka kuliko wenzangu, kwa sababu mbeba marobota huishi kwa kujua uzito uko mguu gani. Najisifu, ndiyo. Mtu aliyefanya kazi yake vizuri ana haki ya kujisifu akiisha zeeka.

Katika mashindano ya Pwani nilishinda mfululizo, huku nikitoa pole kushoto na kulia. Wapinzani wangu walikuwa watu wa Likoni, Malindi, Lamu. Hawakuijali. Mmoja wao nilimtia ngumi ya tumbo, nikampa pole yake, naye akaniambia "Haidhuru" na kunirudishia teke la paja. Hata kinga ya meno haikunizuia, maana pole ni neno lisilotaka meno. Watazamaji wakanibandika jina la Bwana Pole, na wanawake waliokuwa wakinunua leso dukani wakawa waniita hivyo hivyo.

Kisha ukaja mkanda wa taifa. Mashindano yaliletwa hapa hapa kisiwani, na waamuzi wakatoka bara. Katibu wa Chama cha mchezo wetu, karani mstaafu asiyevua tai hata kwenye joto la Machi, alitusomea kanuni kwa sauti ya mahakamani. Kifungu kimoja kilisema mpiganaji hatamsemesha mpinzani kwa dhihaka wala matusi, akionywa asisikie atanyang'anywa pointi. Nilikisikiliza kifungu hicho kwa utulivu mkubwa. Mimi na matusi wapi na wapi?

Mpinzani wangu wa fainali aliitwa Mutiso, fundi wa mabehewa aliyeletwa na kazi ya reli Mombasa miezi michache nyuma, Mkamba mpana wa kifua na mpole wa uso. Raundi mbili za kwanza tulikwenda sawa. Raundi ya tatu nikampiga goti la ubavu, goti safi, pumzi zikamtoka. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Pole, bwana."

Mutiso akarudi nyuma, akanikazia macho, akamgeukia mwamuzi. "Refa, huyu ananicheka!"

Mwamuzi akanionya kwa kidole. Nikatikisa kichwa kwamba nimesikia. Wallahi nilikuwa nimesikia. Dakika haikupita, nikampata tena pale pale ubavuni, na neno likatoka lenyewe kama chafya: "Pole!"

Pambano likasimamishwa, pointi ikaondolewa. Tulipomaliza, Katibu wa Chama akasoma matokeo kwa ile sauti yake: Mutiso ameshinda kwa tofauti ya nusu pointi, Swaleh akiwa amenyang'anywa pointi kwa kumdhihaki mpinzani. Nilimfuata Mutiso nimpe mkono. Aliuangalia mkono, akaniambia, "Nenda ukacheke na wenzako," akaondoka na mkanda wangu begani.

Kushindwa kunauma, lakini hakukuniuma hivyo. Kilichonichoma ni yale maneno "kumdhihaki mpinzani," ambayo yalifika Mji wa Kale kabla yangu. Nilimkuta mama yangu amekaa sebuleni, mikono mapajani.

"Swaleh, umemwambiani mwana wa watu?"

"Nimemwambia pole, mama."

"Mtu hanyang'anywi pointi kwa pole."

"Wallahi, mama, ni pole tu."

"Na yule refa hana kisa nawe, ni mgeni, hata jina lako halijui. Amesikia dhihaka. Iwapo neno ni pole, basi umelisema vipi? Mimi sikukulea hivyo. Huo mkanda wenu, leo au kesho ukiupata, kwangu hautundikwi mpaka huyo mwana wa watu akuwie radhi."

Wale wanaomkumbuka mama yangu wanajua kwamba akisema neno halirudi. Alikuwa mjane aliyenilea kwa kushona kofia, kila tundu kwa sindano, na kofia iliyokosewa tundu moja aliifumua yote. Kwa hivyo nikawa na kazi mbili. Nilitaka mkanda, na nilitaka Mutiso anisamehe kosa ambalo sikulifanya.

Tajiri wangu alinicheka wiki nzima. "Weye umetoa pole, umetoa na mkanda juu yake!" Mwalimu hakucheka. Aliniita ukumbini, akanipa bilauri ya maji.

"Jaza kinywani. Usimeze, usiteme. Pigana."

Hilo ndilo zoezi lililonifanya bingwa, na silioni likifanywa siku hizi. Unapigana raundi nzima na maji kinywani. Ukisema neno, maji yanakumwaikia kifuani na kila mtu anajua. Juma la kwanza niliulowesha mkeka mpaka wenzangu wakawa wateleza. Kila nilipompata mtu vizuri, pwaa! Mwalimu akawa ahesabu kwa sauti: "Pole ya kwanza hiyo. Pole ya pili hiyo." Juma la nne nikaanza kuyazuia. Mwezi wa tatu nilimaliza raundi tatu, nikayatema maji yote ndani ya bilauri, Mwalimu akaitazama, akasema, "Haya." Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Na kumbe ndani ya zoezi hilo palikuwa na jambo jingine. Mtu mwenye maji kinywani hupumua kwa pua, apende asipende. Wenzangu walipokuwa wakihema midomo wazi katika raundi ya mwisho, mimi nilikuwa bado nina pumzi. Mwalimu aliniambia baadaye kwamba alilijua hilo tangu mwanzo. Simwamini sana.

Mwaka uliofuata Chama kikakubali turudiane. Ukumbi ulijaa, Bondeni ilihamia humo yote, na watu wa reli walikuja kwa wingi na filimbi zao. Mutiso alikuwa amekuwa bora zaidi. Raundi ya kwanza alinipiga, sina la kuficha, jicho langu moja likafumba. Raundi ya pili nikaanza kumsoma miguu. Raundi ya tatu alichoka, akawa ahamisha uzito polepole mno, nami nikamtia mtama nilioungoja mwaka mzima. Alianguka kwa bega. Nikasikia mfupa. Kabla hajageuka nilikuwa nimeshamtia kabali, naye akagonga mkeka.

Niliachia, nikasimama. Neno lilinijaa kinywani kama yale maji. Nilimwona Mutiso ameshika mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua, uso umembadilika kwa maumivu, nami nilitaka kuinama nimwambie. Mwalimu aliruka akanifunika mdomo kwa taulo. "Matokeo hayajasomwa! Nyamaza!" Nikanyamaza. Matokeo yaliposomwa na mkanda kufungwa kiunoni mwangu, Mutiso alikuwa ameshachukuliwa.

Kesho yake nilikwenda kwenye nyumba za reli kule Makupa. Mwenzake mmoja akanizuia mlangoni. "Hataki kukuona. Anasema umekuja kumcheka tena." Nilikwenda mara ya pili, jibu likawa hilo. Mara ya tatu niliambiwa amehamishwa bara. Hakuna aliyejua, au aliyetaka kuniambia, ni kituo gani.

Mama alinipa hongera na kunipikia pilau. Mkanda hakuugusa. Niliupeleka ukumbini, Mwalimu akaufungia kabatini pamoja na bendeji na chupa za mafuta ya kuchulia, na huko ukakaa. Kanuni za Chama zilisema atakayeutetea mara tatu huwa wake daima. Niliutetea mara nne, vijana wangu. Nilipigana Nairobi, Kisumu, na hapa nyumbani, mbele ya watu waliolipa kunitazama na kuondoka wameridhika. Wageni waliokuja Ngome ya Yesu walielezwa na waongoza wageni habari za Wareno, kisha wakaelezwa habari zangu, na wengine wakaletwa ukumbini kunipiga picha. Kinywa kilibaki kimefungwa. Kila pambano lilipokwisha na matokeo kusomwa, nilimfuata mpinzani nikampa pole yake kamili, nikangoja aitikie. Deni langu lilikuwa moja tu, na mwenyewe sikujua aliko.

Miaka ya tisini ilipokuwa inaishia, goti langu la kushoto lilianza kukataa amri. Mwalimu aliligusa, akasema, "Imetosha. Bingwa aondoka kwa miguu yake, hangoji kubebwa." Sikubishana naye. Nimeona wapiganaji waliong'ang'ania mpaka watoto wakawaonea huruma, nami sikutaka huruma ya mtu. Chama kikafanya hafla ndogo ukumbini baada ya alasiri. Katibu alisoma hotuba, tai shingoni. Tajiri wangu alileta jora zima la leso wagawiwe kina mama. Mwalimu, aliyenifukuza siku ya kwanza, alisimama mbele ya watu akasema hajapata kufunza mtu mwingine kama mimi, kisha akakaa haraka. Nililia, na sikujificha.

Watu walipokuwa wakitawanyika, nikaona mtu amesimama mlangoni, kofia ya reli mkononi, bega moja limeshuka kidogo kuliko jingine.

"Nimekuja kuchukua pole yangu," akasema Mutiso. "Ile ya bega. Hukunipa."

Akaingia, akakaa kwenye benchi, akanieleza yaliyompata. Alipokuwa amelala pale Makupa, mkono umefungwa, kila aliyepita mlangoni alimwambia pole. Muuza mahamri alimwambia pole. Imamu wa msikiti wa jirani alimwambia pole. Watoto waliokuja kuokota mpira wao uani walimwambia pole. "Nikajiuliza, mji mzima huu unanicheka? Kwetu tunampa mtu pole pia, lakini si yule aliyempiga. Aliyenipiga akinipa pole, najua ananidharau. Halafu siku moja jirani yangu, mama mmoja, akamwaga uji wa moto mguuni kwa mtoto wake mwenyewe, akamshika, akawa anamwambia pole, pole, pole. Ni yeye aliyeumwaga. Hapo nikaelewa. Lakini siku hiyo nilikuwa nimeshapata barua ya uhamisho, na niliona haya."

"Miaka yote hiyo?" nikamuuliza.

"Aibu haina haraka, bwana. Wamenirudisha Mombasa juzi, nikasikia unastaafu. Ile pointi ilikuwa yako."

Nilikuwa nimeifungua midomo kumpa haki yake, kisha nikaifunga. "Kuna mtu wapaswa kumwona kwanza," nikamwambia.

Tulikwenda kwa miguu, mimi na goti langu, yeye na bega lake, mpaka Mji wa Kale. Mama alikuwa amezeeka, macho yamepungua nuru, lakini sindano bado i mkononi. Nilipiga hodi, tukaingia. Mutiso alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akamwamkia shikamoo, mama akamwitikia marahaba.

"Mama, naitwa Mutiso. Ni mimi niliyepigana na mwanao zamani, akanyang'anywa pointi. Hakunitukana. Aliniambia pole, na mimi sikujua kusikia."

Mama aliiweka chini kofia aliyokuwa akishona. "Umemuwia radhi?"

"Hakuwa na kosa, mama. Lakini kama ni radhi, nimemuwia."

Mama akaona namna bega lake lilivyokaa. Akanyosha mkono akaligusa kwa ncha za vidole.

"Ni hapa alipokuvunja?"

"Ni hapo."

"Pole, mwanangu."

Mutiso akainamisha kichwa. "Nishapoa, mama."

Mimi nilikuwa bado nimesimama mlangoni, na pole niliyokuwa nayo kinywani mama ameshanitolea. Mama akanigeukia kwa ule ukali wake wa siku zote.

"Na wewe wangoja n'ni hapo? Nenda kautwae huo mkanda, mwenziyo auone ukitundikwa."